Uzamili wa utafiti wa samaki na wanyamapori: nyumbani, Marekani au Aisilandi?

Vijana wengi waliomaliza shahada ya kwanza ya wanyamapori, uvuvi au zoolojia huuliza swali moja: nikasome wapi uzamili? Majibu wanayopewa karibu yote ni majina ya vyuo na ya nchi. Fulani atasifia Morogoro kwa sababu alisoma Morogoro, mwingine atakwambia bila Marekani hujasoma. Naona swali lenyewe limekaa vibaya. Katika fani hii kuna mambo mawili yanayotangulia jina la chuo: nani analihitaji jibu la utafiti wako, na nani analipia siku zako za uwandani. Ukishayajua hayo kwa kila njia iliyo mbele yako, sehemu kubwa ya uamuzi imeshafanyika.

Nalinganisha njia tatu ambazo mtu wa Afrika Mashariki anaweza kuzifikia kweli. Ya kwanza ni uzamili wa tasnifu kwenye vyuo vyetu. Ya pili ni nafasi ya msaidizi wa utafiti Marekani, hasa kwenye vituo vinavyoitwa Cooperative Fish and Wildlife Research Units, ambavyo humu nitaviita vituo vya ushirika. Ya tatu ni mafunzo ya miezi sita ya uvuvi huko Aisilandi. Uingereza nitaipitia kwa aya moja, inatosha.

Marekani: mradi upo kabla yako

Naanza na ya mbali kwa sababu ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi. Wengi wetu tumezoea kwamba mwanafunzi anaomba chuo, anapokelewa, kisha anatafuta mada, kisha anatafuta msimamizi, na mwisho kabisa anatafuta pesa. Kwenye vituo vya ushirika mambo yanakwenda kinyumenyume.

Vituo hivi vina historia inayoeleza kwa nini. Mwaka 1932 Jay "Ding" Darling, mchora katuni za magazeti wa jimbo la Iowa na mpenzi wa kuwinda bata, alichoshwa na kuona mabwawa na ndege wa jimbo lake vikitoweka huku wataalamu waliosomea wanyamapori wakiwa wa kuhesabika. Akashawishi chuo cha Iowa State na tume ya samaki na wanyama ya jimbo wafungue kituo kimoja cha kufundisha na kutafiti kwa pamoja. Mwaka 1935 mpango huo ukawa wa taifa, ukiwa na vituo tisa. Mwaka 1960 Bunge la Marekani likautungia sheria. Leo vituo vimezidi 40, karibu kila jimbo lina chake, na upande wa serikali kuu vinasimamiwa na Shirika la Jiolojia la Marekani, USGS. Ndiyo, watu wa miamba na matetemeko ndio walezi wa watu wa samaki na swala. Ni matokeo ya mageuzi ya wizara ya miaka ya 1990.

Mgawanyo wa kazi ni huu. USGS inalipa mishahara ya watafiti wa kituo. Chuo kinatoa ofisi, maabara na shahada yenyewe. Idara ya wanyamapori ya jimbo inaleta maswali na sehemu kubwa ya fedha za miradi. Idara ya serikali kuu ya samaki na wanyamapori nayo imo, pamoja na Wildlife Management Institute, shirika lisilo la kiserikali. Watafiti hao ni waajiriwa wa serikali wenye hadhi ya uprofesa chuoni, na kwa kawaida hawafundishi shahada ya kwanza kabisa. Kazi yao ni tatu: kusimamia wanafunzi wa uzamili na uzamivu, kufanya utafiti, na kuzishauri idara.

Na idara ya jimbo inatoa wapi pesa? Kwa mwindaji na mvuvi wa ndoano. Tangu 1937, kwa sheria inayoitwa Pittman–Robertson, kodi ya bunduki na risasi inarudishwa majimboni kwa ajili ya wanyamapori. Mwaka 1950 sheria ya Dingell–Johnson ikafanya hivyohivyo kwa vifaa vya uvuvi. Ongeza ada za leseni za kuwinda na kuvua. Ofisa wa jimbo anatakiwa kuamua mwaka huu waruhusiwe kulungu wangapi, au kwa nini samaki fulani hawazaliani tena kwenye mto fulani, na hana jibu. Anakwenda kituoni na fedha, mtafiti anaandika mradi, na mradi unahitaji mtu wa kuufanya. Mtu huyo ndiye mwanafunzi.

Kwa hiyo unachokiomba ni kazi yenye shahada ndani yake. Tangazo litasema: mwanafunzi mmoja wa uzamili, utafiti wa uhai wa vifaranga vya bata mzinga, kuanzia Januari, posho kiasi hiki, ada inalipwa. Matangazo haya hukusanyika zaidi kwenye ubao wa mtandaoni wa ajira za wanyamapori na uvuvi wa chuo cha Texas A&M, ambao dunia nzima ya fani hii inausoma. Unamwandikia mtafiti kwanza. Anakusaili, mara nyingi kwa video. Akikukubali ndipo unapeleka maombi chuoni, na hapo chuo mara nyingi kinathibitisha tu kile alichokwisha kuamua yeye. Anayelipa ada ya maombi ya vyuo vitano bila kumwandikia msimamizi hata mmoja anatupa pesa.

Posho kwa mwaka mara nyingi huwa kati ya dola 20,000 na 30,000 kabla ya kodi, ada hufutwa au hulipwa na mradi, na bima ya afya huwamo kwa sehemu. Mkataba ni wa saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, ambazo ndizo saa ambazo sheria ya F-1, viza ya mwanafunzi, inamruhusu mwanafunzi kufanya kazi chuoni muhula ukiendelea. Si utajiri, kwenye mji wenye kodi kubwa ya nyumba utaishi na wenzako watatu. Lakini jambo ambalo watu wa huku hawalitegemei ni hili: gari la mradi lipo, mafuta yapo, boti ipo, na kuna wasaidizi wa msimu wanaolipwa, ambao wewe mwenyewe utawasimamia. Kuanzia Mei hadi Agosti unalala porini au kwenye nyumba ya mradi, na hakuna anayekuuliza umepata wapi dizeli.

Kitu kidogo ambacho kimewakwamisha wengi ni leseni ya udereva. Karibu kila tangazo linaidai, na wakati mwingine wanataka mtu anayeweza kuvuta trela la boti na kulirudisha nyuma hadi majini. Kama hujui kuendesha, jifunze kabla hujaanza kuandika barua. Mtihani wa GRE wa kuingilia uzamili, ule uliowatisha kaka na dada zetu, vyuo vingi vimeuacha. TOEFL au IELTS, mitihani ya Kiingereza, bado inatakiwa.

Sasa ujuzi. Hapa ndipo vituo hivi vinapojivunia, na wana haki. Takwimu za kukadiria idadi ya wanyama usioweza kuwaona wote zilipikwa kwa kiasi kikubwa humo. David Anderson na Kenneth Burnham, ambao kazi yao ilifanya kigezo cha AIC, cha kuchagua modeli inayofaa zaidi, kuwa lugha ya kila siku ya wanaikolojia, walikuwa watafiti wa kituo cha Colorado. Programu ya MARK, inayotumika kukokotoa uhai wa wanyama waliowekwa alama na kukamatwa tena, imetoka kwa Gary White wa chuo hichohicho, Colorado State. Mwanafunzi atakaa darasani na modeli hizi muhula wa kwanza na wa pili, ataandika msimbo kwenye R, programu ya takwimu, mpaka usiku, na ni muhula ambao wengi hulia. Akitoka hapo, anaweza kuchukua picha za kamera za kutega za nchi yoyote na kusema chui wapo kwenye asilimia ngapi ya eneo, pamoja na ukubwa wa shaka iliyomo kwenye kadirio hilo. Hiyo ndiyo bidhaa hasa anayorudi nayo.

Gharama yake ni kwamba swali si lako. Miaka miwili hadi miwili na nusu ya ujana wako inakwenda kwa samaki wa maziwa ya Minnesota au kulungu wa Pennsylvania. Hutatengeneza ujuano na wahifadhi, mabwana samaki na wenyeviti wa vijiji ambao utawahitaji ukirudi. Mbinu inasafiri vizuri, ujuano hausafiri.

Na ukimaliza, usitegemee ajira ya serikali kuu ya huko: kwa kawaida ni ya raia. F-1 inakupa miezi 12 ya kufanya kazi kwenye fani yako baada ya masomo, na wengi huitumia kama fundi wa msimu au huunganisha uzamivu.

Kisha kuna siasa, ambayo siku hizi haiwezi kurukwa. Mapendekezo ya bajeti ya serikali ya Marekani ya mwaka 2025 yalitaka kufuta idara nzima ya ikolojia ndani ya USGS, ile inayovibeba vituo vya ushirika. Pendekezo la bajeti si sheria, na si mara ya kwanza vituo hivi kutajwa kwenye orodha ya kukatwa vikabaki, lakini msimamizi mwenye wasiwasi na mshahara wake huchukua wanafunzi wachache. Upande wa viza, Juni 2025 raia wa Burundi waliwekewa vizuizi vilivyogusa hata viza za wanafunzi, na orodha ya nchi imeongezwa tangu hapo. Angalia hali ya pasipoti yako wiki unayoomba, usitegemee alichokwambia aliyekwenda mwaka juzi. Ada ya SEVIS, mfumo wa kuwasajili wanafunzi wa kigeni, ni dola 350 na ya maombi ya viza dola 185, na ukinyimwa viza hazirudi.

Nyumbani: swali ni lako, dizeli pia ni yako

Upande wa wanyamapori Tanzania, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ndicho chenye mizizi. Taasisi ya Nelson Mandela iliyoko Tengeru, Arusha, inapokea wanafunzi wa uzamili na uzamivu peke yao na iko mlangoni kwa hifadhi za kaskazini. Kwa bahari na samaki kuna Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na Taasisi yake ya Sayansi za Bahari Zanzibar iliyoanzishwa 1978. Kenya, Chuo Kikuu cha Eldoret kina jina la muda mrefu kwa samaki wa maji baridi na Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, kina bahari mbele yake. Uganda, Makerere ina kituo cha uwandani Kibale ambacho watafiti wa nyani kutoka kila pembe wanakifahamu. Mweka, chuo cha wanyamapori cha Tanzania cha tangu 1963, ni jina kubwa kuliko yote, ila sifa yake imejengwa kwenye kumfunza mhifadhi anayeendesha hifadhi. Anayetaka kuwa mtafiti asiichague kwa umaarufu tu.

Kwenye vyuo hivi hakuna anayekupa mradi, isipokuwa bahati. Unachagua mwenyewe. Uhuru huo ni mtamu mpaka siku ya kupiga hesabu za gari. Utafiti wa tembo au simba hapa una gharama tatu kubwa: usafiri, posho ya askari wa kukusindikiza, na siku. Chuo hakina gari la kukupa kwa miezi mitatu. Matokeo yake yanajulikana na kila aliyepita: shahada ya miaka miwili inakuwa ya mitatu au minne, na muda mwingi kati ya hapo mwanafunzi yuko kazini akitafuta hela ya kurudi uwandani. Jingine linalochelewesha ni msimamizi mwenye wanafunzi wengi, anayekaa na sura ya pili ya tasnifu yako muhula mzima.

Vibali navyo vina foleni yake. Utafiti wa wanyamapori Tanzania unapitia TAWIRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa wanyamapori, na wa uvuvi ni busara uujulishe TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, hata kama hukulazimika, kwa sababu hao ndio watakaokuwa na takwimu za miaka iliyopita. Kenya kuna NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, na tangu sheria ya wanyamapori ya 2013 kuna taasisi maalumu ya utafiti na mafunzo ya wanyamapori yenye makao Naivasha. Anza kuandika barua za vibali kabla andiko lako halijapitishwa rasmi.

Ushauri wangu kwa anayebaki nyumbani ni mmoja: chagua kiumbe ambacho unaweza kukifikia kwa miguu, baiskeli au daladala. Watu hudharau hili, wakati ndilo linalotenganisha anayemaliza na asiyemaliza.

Chukua pweza. Kwenye bamvua, maji yanapokauka mbali, kina mama na vijana wanatoka mwambani na vijiti, na baada ya saa mbili tatu wanarudi ufukweni na walichopata. Wewe unasubiri pale wanunuzi wanaposubiri. Una mizani ya kuning'iniza, utepe wa kupimia, daftari lisilolowa na penseli, basi. Unampima kila mmoja uzito. Kisha unatafuta jinsia: unamgeuza, unaanza kuhesabu minyiri upande wa kulia kutokea mbele, kati ya macho, na unaufuata wa tatu mpaka nchani. Wa dume ncha yake ni laini, haina vikombe vya kung'ang'ania. Wa jike vinaendelea mpaka mwisho. Pweza mwenyewe anateleza, mwenye mali ana haraka kwa sababu mnunuzi anaondoka, na una kama nusu dakika kwa kila mmoja. Bamvua zinakuja mara mbili kwa mwezi, mwezi mchanga na mwezi mpevu, hivyo ratiba ya mwaka mzima unaijua tangu Januari. Fanya hivyo kwenye kijiji kinachofunga mwamba, yaani kinachozuia uvuvi hapo, kwa miezi kadhaa na kwenye kijiji kisichofunga, na una tasnifu ambayo idara ya uvuvi na kamati za kijiji zote zinaitaka. Gharama kubwa ni nauli na soda.

Ziwani hali ni hiyohiyo, ila kalenda inageuka: dagaa wa Ziwa Victoria wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inalala. Ukiwa Mwanza au Kisumu unaweza kufika mwaloni alfajiri, ukanunua kibaba kutoka kila mtumbwi na kupima urefu kwa milimita mezani kwako.

Chura wa Kihansi ni mfano mwingine wa kiumbe kidogo kilichobeba sayansi kubwa. Aliishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya mto mmoja tu, Udzungwa. Bwawa la umeme likapunguza manyunyu, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Waliookolewa walizalishwa kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo, wakaanza kurudishwa kwenye maabara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2010, na mwaka 2012 wakaanza kuachiwa tena bondeni. Kazi ya namna hiyo haihitaji helikopta, inahitaji mtu anayepima joto na ukungu kila siku bila kuchoka.

Pesa ndogo zipo kwa anayezitafuta mapema. WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari ya magharibi ya Bahari ya Hindi iliyo Zanzibar tangu 1993, ina ruzuku za utafiti zinazowafikia hata wanafunzi. RUFORUM, mtandao wa vyuo vikuu vya Afrika ulio Kampala, hupitisha fedha kwa maprofesa ambao nao huchukua wanafunzi. DAAD, shirika la ufadhili wa masomo la Ujerumani, hulipia watu kusoma ndani ya Afrika. Mfuko wa Rufford hutoa ruzuku za kwanza kwa miradi midogo ya uhifadhi, na IDEA WILD hutoa vifaa badala ya pesa: kamera, darubini, GPS. Bora zaidi ya zote hizo ni kujishikiza kwenye mradi unaoendelea wa TAWIRI, TAFIRI, KMFRI (taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi ya Kenya) au shirika lolote lenye gari. Ukifanikiwa hapo, umeupata mfumo wa vituo vya ushirika bila kupanda ndege.

Ambacho nyumbani hakitoshi ni takwimu. Kozi ipo, lakini mara nyingi inaishia kwenye majaribio ya darasani. Anayesoma hapa ajipange kujifunza R mwenyewe, jioni, kwa data za kweli, na atafute mtu wa nje wa kuingia kwenye kamati yake hata kama ni kwa barua pepe tu.

Aisilandi: si shahada, na si kwa kila mtu

Programu ya mafunzo ya uvuvi ya Aisilandi ilianza 1998 chini ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa, na tangu 2020 iko chini ya GRÓ, kituo cha Aisilandi cha kujenga uwezo, kwa mwavuli wa UNESCO. Inachukua watu kwa miezi sita, kwa kawaida kuanzia Septemba, na inalipa kila kitu: tiketi, malazi, posho. Wiki za mwanzo ni za pamoja, halafu kila mtu anaingia kwenye mkondo wake, kama vile tathmini ya akiba ya samaki, ubora wa mazao, sera au ufugaji, na karibu nusu ya muda inakwenda kwenye mradi binafsi.

Huwezi kuomba ukiwa nyumbani unasubiri ajira. Taasisi yako ndiyo inayokupendekeza, kwa hiyo ni mlango wa bwana samaki, mtafiti wa TAFIRI au KMFRI, mkaguzi wa ubora. Na hapo ndipo uzuri wake ulipo: unakwenda na takwimu za kwenu ambazo zimekaa kwenye makabati miaka kadhaa, unazichambua ukiwa umekaa karibu na watu wanaopanga kiasi cha chewa wa kuvuliwa kwenye nchi inayoishi kwa samaki, na unarudi na ripoti ambayo bosi wako aliihitaji. Kati ya njia zote tatu, hii ndiyo yenye mwenye swali aliye wazi kuliko wote, kwa kuwa ni mwajiri wako.

Udhaifu wake ni kwamba cheti unachopata si uzamili. Kwenye muundo wa utumishi hakitakupandisha daraja kama shahada inavyopandisha. Waliofanya vizuri wamewahi kurudi kwa ufadhili wa uzamili au uzamivu, ila usiende ukiwa umeihesabu hiyo tayari. Upande wa wanyamapori wa nchi kavu, njia hii haikuhusu.

Uingereza kwa kifupi

Uzamili wa mwaka mmoja, kwa Chevening au ufadhili wa Jumuiya ya Madola, ni mzuri kwa anayetaka sera, uongozi wa mashirika na mtandao wa watu. Kwa utafiti, muda hautoshi. Mradi wa uwandani unabanwa kwenye miezi michache ya kiangazi chao, na mara nyingi unaishia kuchambua data za mtu mwingine. Norway ilikuwa jibu zuri la samaki kwa watu wetu enzi ambazo vyuo vya umma havikutoza ada. Tangu 2023 wanafunzi wa nje ya Ulaya wanatozwa.

Zikiwekwa pamoja

Kwa muda, Aisilandi inakwisha ndani ya nusu mwaka, Marekani miaka miwili na kitu, nyumbani ni miaka miwili kwenye karatasi. Kwa pesa ya mfukoni, Marekani na Aisilandi zinakulipa na nyumbani unalipa wewe, ila kumfikia msimamizi wa Marekani kunaweza kukuchukua mwaka mzima wa barua kabla ya senti ya kwanza. Kwa takwimu na uandishi wa makala, Marekani inaongoza kwa mbali. Kwa kujulikana na watu watakaokuajiri Dodoma, Arusha, Nairobi au Entebbe, nyumbani inaongoza kwa mbali vilevile, na hili huwa halipewi uzito unaostahili. Shahada ya nje utaipeleka TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, itambuliwe kama unataka ajira ya umma Tanzania. Kenya nako kuna utaratibu wake. Ni karatasi za kawaida, lakini programu za mtandaoni za vyuo visivyojulikana zimewatia watu hasara, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa ada.

Ningekuwa na miaka 24, sina familia, napenda hesabu na sijapata ajira, ningeanza kuwaandikia watafiti wa Marekani, huku nikiweka maombi ya nyumbani pembeni. Ningekuwa tayari ni bwana samaki wa wilaya mwenye miaka mitano kazini, ningemshika mkuu wangu anipendekeze Aisilandi, kisha uzamili wa tasnifu Dar au Zanzibar kwa data zilezile nilizozichambua. Mwenye ajira ya hifadhi, watoto wawili na ruhusa ya masomo ya miaka miwili asome hapa, achague kiumbe cha karibu, na asikubali mtu yeyote amfanye ajione amebaki nyuma. Mwenye ndoto ya uzamivu nje anaweza kufanya uzamili hapa kwa ubora, atoe makala moja, halafu aombe. Wasimamizi wa Marekani wanamthamini mtu aliyekwisha kusimamia uwanda wake mwenyewe kuliko wengi wanavyodhani.

Barua ya kwanza kwa msimamizi wa huko iwe fupi. Taja mradi uliotangazwa, sema kwa sentensi mbili ulipima nini na ulikichambua vipi kwenye utafiti wako wa shahada ya kwanza, weka wasifu na matokeo yako, basi. Usiandike kwamba umependa wanyama tangu utotoni. Wote wameandika hivyo. Usitume barua moja kwa watu thelathini, wanafahamiana. Asipojibu ndani ya wiki mbili, mkumbushe mara moja, kisha endelea na tangazo jingine.

Na kwa njia yoyote utakayochagua, kabla hujasaini muulize msimamizi mambo manne. Wanafunzi wako watatu wa mwisho walimaliza baada ya muda gani, na naweza kuzungumza na mmoja wao? Fedha za uwandani ziko kwenye akaunti tayari au zinaombwa? Nani nje ya chuo anasubiri majibu haya, jina na ofisi yake? Na data zitakuwa za nani mimi nikishaondoka? Msimamizi mzuri atajibu yote manne kwa dakika kumi. Anayekasirika kwa kuulizwa, mshukuru na uendelee kutafuta.